Nipe Mji

Mlango wa wikio aliufunga Mwanasha mwenyewe,
mwanangu wa kumzaa,
usiku ule aliporudi hospitali
alama za barakoa zimemkaa shavuni
kama alama za kamba.
Hakulia. Alisema,
"Mama, komeo hili lisitoke mpaka nikwambie,"
na mie, upande wangu, nikasikia
mti ukiingia kwenye mti.

Wikio lenyewe babake alilitengeneza upya mwaka alipomwoza,
ili asishuke nje na bakuli la mchuzi,
ili mvua isimkute kati ya nyumba mbili.
Hatua tisa.
Nimezipita na uji wa pilipili manga, siku arubaini,
Tima alipozaliwa.
Sasa chini yake punda wanapita.
Juu hapiti mtu.

Simu tunayo.
Lali huiweka sikioni hata ile ya picha,
na Tima upande wa pili hupiga kelele,
"Babu, naona sikio! Lina nywele!"
Naye hujibu, "Alhamdulillahi, sisi wazima."
Bando likiisha yeye bado anaongea,
anauuliza ukimya kama jino limeshaota.

Ndipo Tima akaja mlangoni.
Magharibi imekwisha, vichochoro vimenyamaza,
akagonga kwa kijiko, mara tatu.
Nikatandika mkeka huku, yeye busati kule,
tukaegemeza migongo, ubao katikati.

"Kitendawili!"
"Tega."
"Nyumba yangu haina mlango."
Mtoto wa miaka minne angejibu.
Yeye ana saba, na akanyamaza.
Nikasikia ukucha wake ukifuata nakshi.
"Yenu," akasema.
Nikameza mate. "Siyo."
"Basi nikupe mji?"
"Nipe mji."
"Chukua Malindi."

Malindi ndiko alikokwama babake,
Famau, aliyekwenda kutengeneza mtambo wa barafu
siku mbili tu,
njia zikafungwa nyuma yake.
Nikaipokea Malindi. Nikasafiri, kama mchezo unavyotaka:
"Nilikwenda Malindi, nikamkuta babako anapika wali.
Ameuunguza.
Barakoa yake kaishona kwa pindo la kikoi.
Kaniambia nikwambie: yai."
Kule kicheko, kisha kamasi, kisha kicheko.

Tokea siku ile hajapata jibu hata moja.
Kuku wangu katagia miibani? Hajui.
Popoo mbili zavuka mto? Hajui, na macho anayo.
Anashindwa kusudi, anilipe.
Nimepewa Mombasa na shangazi zake wote,
nimepewa Siyu, Faza, Kismayu,
nimepewa Jomvu, sijui kaisikia wapi.
Serikali imefunga barabara
na mie, kikongwe wa magoti mabovu,
sijapata kusafiri namna hii.

Usiku mmoja akasema, "Huu si wako, Bibi. Ni wa Babu.
Mwambie achukue Makka."
Pesa zetu za hija zimo koponi, zimefungwa kwa mpira,
na mwaka huu hakuna aendaye.
Lali, asiyesikia adhana ya jirani,
alilisikia neno hilo.
Akavua kofia, akaweka paji la uso kwenye ubao,
akakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Jana mgongo haukuwa wa kijiko.
Ulishuka polepole, mzito, ukaegemea,
na harufu ya dawa ya kunawia ikapenya chini ya mlango.
Sikuuliza wangapi leo.
"Kitendawili," nikasema.
Kimya. Punda mmoja, mbali.
"Tega."
Nikatega.
"Mama, nimechoka. Wewe chukua mji tu."
"Upi?"
"Huu. Chukua Amu."

Nikatafuta safari ya kwendea mji nilimokaa.
"Nilikwenda Amu," nikaanza,
"nikapita madukani, nikapanda ngazi,
nikahesabu hatua moja, mbili, tatu..."
Nilipofika tisa
alikuwa amelala. Pumzi zake nilizijua,
nilizisikia kabla hajawa na jina.
Sikumaliza. Sikuondoka.